Hodi ya Mvua

Siku ya zamu yake ya kushika anga, Raya Shaame aliamka na kinyongo kile kile alicholala nacho. Akakifunga kiunoni pamoja na kanga, akatoka uani kutandaza majamvi.

Kinyongo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya bonde, na kilionekana kwa macho. Kutoka uani kwake, juu ya mgongo wa Mtondooni, aliweza kuiona nyumba ya bati la kijani kwenye mgongo wa pili, Mkungumani, pamoja na sakafu yake ya kuanikia karafuu. Hiyo ilikuwa nyumba ya Mize Hamad, wifi yake, mke wa kaka yake Faki. Na humo ndimo alimohamia mama yao, Bi Time, tangu Ramadhani iliyopita. Alitoka kwa binti wa kumzaa, aliyekuwa akimpikia uji na kumkanda miguu, akaenda kukaa kwa mkwe. Watu walipomwambia Raya kwamba mama amekwenda kwa mwanawe, yeye aliwajibu kuwa mwana yuko Maskati na hafiki nyumbani ila kwa simu, kwa hiyo waseme vizuri: amekwenda kwa Mize.

Tena hakwenda mikono mitupu. Alichukua na mbuzi yake ya kukunia nazi, ile aliyokuwa akisema siku zote kuwa itabaki kwa Raya. Raya alinunua mbuzi mpya, ya chuma kizuri, na kila akiikalia aliona haikuni sawasawa.

"Anga haijakuita bado?" aliuliza Mbarouk, mumewe, akimwaga gunia la karafuu mbichi juu ya jamvi.

"Ikiniita utaisikia. Ile haina haya."

"Basi kaa karibu na simu. Juzi kwenye zamu yake Hadia alikuwa jikoni anageuza mkate, wingu likatufika nusu njia."

"Hadia ana mambo yake na mimi nina yangu," alisema Raya, akaanza kuzisambaza karafuu kwa mikono miwili. Mbarouk alimjua mkewe asubuhi za namna hiyo. Akachukua kamba yake na pakacha, akaenda kukwea mikarafuu.

Kulikuwa na programu mbili za hali ya hewa sehemu hizo, na mtu alijulikana ni wa wapi kwa ile aliyoichagua. Mkungumani walikuwa na Tazama. Hiyo ni ya zamani, inayatazama mawingu na kukwambia inavyodhani, na kudhani kwake kumejaa huenda na pengine. Mtondooni walikuwa na Kweupe, na Kweupe haikuwahi kukosea. Ikisema leo jua, basi ni jua mpaka magharibi. Watu waliisifu msimu mzima kabla ya kuelewa kwa nini haikosei.

Ilikuwa na nguzo zake juu ya vilima, na kwenye kila nguzo kulikuwa na kiota cha vimashine vyenye mabawa, ambavyo watoto waliviita panzi na wakubwa wakafuata. Wingu likija, panzi waliruka, wakaliingia kwa chini, wakamwaga ndani yake vumbi laini la chumvi. Wingu lililotiwa chumvi hushuka pale pale lilipo. Kwa hiyo Kweupe haikuwa ikitabiri mvua, ilikuwa ikiipangia pa kunyesha. Lakini haikuweza kuifuta. Maji yaliyokwisha kupanda lazima yashuke, na kama hayakushuka kwako yatashuka kwa mwingine.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Mashine isichague nani anyeshewe, achague mtu, kwa kidole chake, na kabla hajabonyeza aonyeshwe mahali penyewe kwa picha ya wakati ule ule, asije akasema hakujua. Watu wa Mtondooni wakagawana mzigo huo kwa zamu, kila nyumba na siku yake, na mwenye zamu akaitwa mshika anga.

Juu ya sheria wakaongeza na ya kwao. Huingii nyumba ya mtu bila kubisha hodi, basi vipi uiingize mvua uani kwake bila hodi? Palikuwa na kundi la sauti simuni, lenye watu wa migongo yote miwili, wakiliita Baraza. Mshika anga alitakiwa kusema humo, "Hodi, Mkungumani." Wao wakijibu, "Subiri," maana yake wanaanua karafuu. Jamvi la mwisho likishaingia ndani, walisema, "Karibu," ndipo kidole kikabonyeza. Haikuandikwa popote, na Kweupe yenyewe haikuijua. Lakini tangu hodi ianze, migongo ile miwili ilikuwa haijagombana, hata harusi zilikuwa zimerudi kuvuka bonde.

Siku nyingi hodi hiyo haikuhitajika, kwa sababu mvua ilipelekwa bondeni kwenye mpunga, na mpunga ulishukuru. Siku hiyo bondeni walikuwa wanavuna.

Anga ilimwita Raya jua lilipokuwa limekwisha kupanda vizuri, karafuu zimeanza kubadilika rangi na ua mzima unanukia.

"Mshika anga, kuna wingu," ilisema Kweupe, kwa ile sauti yake ya mtu aliyelala akashiba. "Linatoka mashariki. Bondeni pamefungwa, kuna mavuno. Halina nguvu ya kufika baharini. Mvua iangukie wapi?"

Raya alikaa kwenye kigogo, simu mapajani. Majina mawili yalikuja, Mtondooni na Mkungumani. Alibonyeza la kwanza ili aonyeshwe, na panzi akamwonyesha kwao kutoka juu: ua baada ya ua, yote yamejaa karafuu, ya Hadia, ya Mzee Shehe, ya kwake mwenyewe, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kigogo akiwa mdogo kama punje. Alibonyeza la pili. Nyumba nyingine zote za Mkungumani zilikuwa zimekwisha kukausha na kutia magunia. Sakafu moja tu ndiyo iliyokuwa na karafuu, na ilikuwa ya bati la kijani. Mize alikuwa amechelewa, maana alikuwa akichuma peke yake.

Hapo hapakuwa na la kufikiri. Sakafu moja dhidi ya nyua zote zile, mtu yeyote angechagua Mkungumani, hata Mize mwenyewe, kama zamu ingekuwa yake. Kilichobaki kilikuwa kubisha. Raya alifungua Baraza, akasogeza simu mdomoni.

Lakini picha ilikuwa bado iko wazi, na panzi alikuwa ameshuka kidogo.

Mama yake alikuwa amekaa mkekani kivulini, anachambua karafuu, anatenga makonyo, vile vijiti vyake. Mbele yake alikaa Mize, magoti yanagusana. Walikuwa wanacheka. Sauti haikuwapo, ila Raya alikijua kicheko kile, mama akicheka kweli huufunika mdomo kwa mgongo wa mkono, na alikuwa ameufunika. Kisha Raya akaona kanga. Mama alikuwa amejifunga kanga ya zambarau yenye mji wa njano katikati, na Mize alikuwa amejitanda kanga ya zambarau yenye mji wa njano katikati. Doti moja. Mama alikuwa ameikata doti, kipande akajifunga yeye, kipande akampa Mize.

Tangu alipovunja ungo, kila doti ya mama yake ilikuwa ikikatwa vipande viwili, na kipande cha pili kilikuwa chake Raya. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo, lilikuwa hivyo tu. Akahisi kitu kinampanda kifuani, kichungu, cha moto, na hakukipa jina jingine. Ulikuwa wivu. Alimwonea wivu Mize kwa kanga, kwa mbuzi, kwa magoti yale yanayogusana, akatamani kile kicheko kikatike hata kwa dakika chache.

"Mshika anga," ilisema Kweupe, "wingu linakaribia."

Raya aliufunga mdomo. Alifunga Baraza. Akajiambia kuwa atabisha baadaye kidogo, huku akijua kwamba hodi ya baada ya mvua si hodi. Akabonyeza.

Panzi waliruka kutoka kwenye nguzo nyuma ya msikiti, wakapita juu ya paa lake wakivuma, wakaelekea ng'ambo.

"Ulibisha?" Mbarouk aliuliza kutoka juu ya mkarafuu. Alikuwa amewasikia panzi wakipita.

"Nshabisha."

"Wakasema karibu?"

"Chuma karafuu zako, Mbarouk."

Mwanzo ilimpendeza, hilo lisemwe wazi. Alisimama juani, miguu yake mikavu kwenye jamvi kavu, akatazama wingu likipinda juu ya bonde kama mtu aliyeitwa jina lake, likashuka Mkungumani lote kwa pamoja. Bati la kijani likapotea. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Akafikiria kanga zile mbili zikilowa, akatabasamu peke yake uani.

Kisha pazia la mvua likasogea kidogo, akaona sakafu. Palikuwa na mtu mmoja tu pale. Alikuwa ameinama, anavuta jamvi kwa ncha, analivuta hatua moja, anapumzika, analivuta tena. Raya hakuhitaji panzi kumwambia ni nani. Mama yake alikuwa na goti bovu la kulia, na aliinama vile vile akivuta hata kiti. Mize hakuonekana. Yule mtu mdogo alivuta tena, akateleza, akakaa chini kwenye maji, na hakunyanyuka upesi.

"Mama," alisema Raya, kana kwamba sauti ingevuka bonde. Akaitia simu kwenye pindo la kanga, akakimbia.

Bondeni palikuwa na jua. Wavunaji waliinua vichwa kumwona mke wa Mbarouk akikata katikati ya mpunga bila viatu.

"Raya, wakimbilia wapi? Kule kunanyesha!"

"Ndiko niendako!" alijibu, wakacheka, naye hakugeuka.

Alikutana na mvua yake mwenyewe katikati ya kilima cha Mkungumani. Ilikuwa ya baridi na ilikuwa na chumvi kidogo mdomoni, kwa mbali sana, kiasi ambacho asiyejua asingeitambua. Njia ilikuwa imekwisha kuwa tope. Alipofika kwenye bati la kijani, alisukuma mlango akaingia hivyo hivyo alivyo, maji yakimchuruzika.

Bi Time alikuwa kitini, amefunikwa shuka, anatetemeka, lakini mzima. Goti lilikuwa limechubuka. Mize, nguo zimemganda mwilini, alikuwa amepiga magoti mbele yake akimfuta miguu. Kando ya mlango alisimama jirani, Bi Sharifa, amekuja na beseni kusaidia. Na ukumbini pote, kutoka ukuta mpaka ukuta, zilikuwa karafuu, marundo kwa marundo, zimelowa, zimenuna, maji yanatiririka kutoka chini yake. Karafuu zilizolowa zikiwa nusu kavu, zisipopata jua siku ile ile, hupauka na kuota ukungu, na hakuna atakayezitaka. Raya aliyajua hayo tangu utotoni.

"Wifi!" Mize alisimama, akamshika Raya mabega. "Umekuja mbio kwa sababu yetu? Na mvua yote hii? Jamani, Mama, mwone Raya!"

"Namwona," alisema Bi Time.

"Nilikwenda dukani mara moja tu, wallahi, kufuata mkate. Mama akataka kuanua peke yake. Ni makosa yangu. Tazama iliniambia tangu alfajiri, huenda ikanyesha, huenda isinyeshe. Miye nikaanika. Nilisema kama ni ya kutumwa watabisha, na kama ni ya Mungu basi ni ya Mungu."

"Na ilikuwa ya kutumwa," alisema Bi Sharifa. "Miye nimeionja. Ina munyu."

Mize alimgeukia, na sauti yake ikawa kali kuliko Raya alivyowahi kuisikia. "Haikutumwa. Leo zamu ni ya wifi yangu. Ingekuwa imetumwa angebisha. Ungesema mwingine, Bi Sharifa, ningenyamaza. Raya angebisha."

Bi Sharifa aliokota beseni lake, akaaga, akaenda zake. Raya alibaki amesimama. Na Mize, asiyejua kitu, aliingia chumbani akarudi na kanga kavu, akamzungushia mabegani na kuifunga vizuri kwa mbele kama anavyofungwa mtoto. "Jitande hii. Ndiyo kavu pekee iliyobaki. Nilipokwenda dukani nilivaa buibui, yenyewe nikaiacha ndani."

Ilikuwa ya zambarau, yenye mji wa njano. Ilikuwa na harufu ya udi na ya mama yake.

"Mize, mwanangu," alisema Bi Time, "hebu tutilie chai. Tia tangawizi nyingi."

Mize alikwenda jikoni. Mama na binti walibaki na karafuu.

"Zamu yako leo," alisema Bi Time.

"Ndiyo, Mama."

"Ulibisha?"

Raya alitazama sakafuni. Jikoni palisikika kuni zikivunjwa. Mama hakuuliza mara ya pili, na kule kutouliza ndiko kulikomshinda Raya, akajikuta anasema yale aliyoyaweka moyoni tangu Ramadhani.

"Kwani miye nilikukosea nini, Mama? Sikukulisha? Sikukukanda? Uliondoka asubuhi, na mbuzi yako mkononi, hata kuniambia sababu hukuniambia. Ukaja kumpa mtu baki kanga yangu."

"Mize si mtu baki."

"Na miye ni nani?"

Bi Time alijifunika shuka vizuri. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na haya alikuwa amekaa nayo muda mrefu kiasi cha kumchosha.

"Hukunikosea kitu, Raya. Ulinifanyia heshima. Kila zamu yako ilipofika, anga ikiita, ulikuja ukanipa simu mkononi. Mama, we ndiye mkubwa, chagua we. Unakumbuka? Hukuwahi kuchagua mwenyewe nikiwapo. Ulidhani unanitukuza."

"Nilikutukuza, Mama. Nani mwingine ningempa?"

"Nawe ukaenda kugeuza karafuu, ukaniacha nayo. Naonyeshwa ua wa fulani, naonyeshwa ua wa fulani. Wote nawajua, wengine nimewazalisha kwa mikono hii. Naulizwa nani alowe. Mimi mtu mzima nimekaa kitako nachagua nani alowe, kisha wewe waniletea uji. Uji haukupita, mwanangu. Huku kwa Mize kuna hiki kisimu chake kinachosema huenda, huenda. Kinaudhi, lakini hakiniulizi. Nikaja huku nipate kulala."

Raya alikaa chini, pale pale penye maji, akajifunika uso kwa kanga isiyo yake. Ramadhani nzima na miezi iliyofuata alikuwa amemchukia Mize kwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe kwa mkono wake, tena kwa mapenzi. Hasira ilimtoka, na palipokuwa na hasira pakabaki aibu.

Simu ikaita kwenye pindo.

"Mshika anga, kuna wingu," ilisema Kweupe, imeshiba kama kawaida yake. "Linafuata la kwanza. Bondeni pamefungwa. Mvua iangukie wapi?"

Mtondooni, Mkungumani. Alionyeshwa nyua za kwao, zimejaa, kavu, za kila mtu. Alionyeshwa bati la kijani, na sakafu yake tupu inayong'aa kwa maji. Nje, mvua ya kwanza ilikuwa imebaki matone. Kama wingu hili lingeshuka huku, hakuna ambacho kingeonekana kimeharibika zaidi, maana karafuu zilikwisha kuingia ndani, na zingeoza ndani kimya kimya. Na siri yake ingebaki siri. Kama lingeshuka Mtondooni, huku kungepata jua mpaka jioni, na karafuu za Mize huenda zikaponyeka. Lakini huwezi kuipeleka mvua Mtondooni bila kubisha Mtondooni, na Mtondooni wakisikia hodi watauliza.

Alimtazama mama yake, mkono ukataka kumnyooshea simu, kwa mazoea tu. Akaurudisha.

Akafungua Baraza.

"Hodi, Mtondooni," alisema. "Ni Raya. Mvua inakuja huko. Anueni."

Sauti ya Hadia ikajaa ukumbini. "Subiri! Subiri, tunaanua! Mzee Shehe, jamvi hilo!" Vishindo, watoto, mtu anamwita mtu. Kisha Hadia tena, anahema: "Lakini Raya, mwenzangu, ile ya kwanza si uliipeleka Mkungumani? Miye niko uani tangu asubuhi, hodi sikuisikia."

Mize alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, sinia ya chai mikononi.

Raya angeweza kusema simu ilikatika. Simu hukatika. Hadia angeliamini hilo, na Mize angeliamini upesi zaidi.

"Hukuisikia kwa sababu sikubisha," alisema. Aliyasema simuni, lakini alikuwa akimtazama Mize. "Nilimwona wifi yangu amekaa na mama, nikaona wivu. Nikaituma bila hodi. Mama ameanguka, na karafuu za Mize zimelowa zote. Mbarouk, kama wanisikia, nawe nilikudanganya."

Migongo yote miwili ilikuwa imesikia. Sauti ya Mbarouk ilisema, taratibu, "Jamvi la mwisho limeingia." Na Hadia, bila kuongeza jina wala neno, akasema, "Karibu."

Raya akabonyeza.

Mize aliiweka sinia juu ya meza. Aliiweka polepole, vikombe havikulia. Akammiminia Bi Time chai, akahakikisha ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakumimina kingine. Alipozungumza hakuinua sauti, na hakumwita wifi.

"Raya."

"Mize, miye..."

"Ulipokuja umeingia tu. Nilidhani una haraka kwa ajili yetu, sikujali." Alifuta mikono kwa nguo yake iliyolowa. "Hii nyumba yangu. Toka nje, ubishe."

Raya alimtazama mama yake. Bi Time alikuwa anakunywa chai. Nyumba haikuwa yake, na jibu la mlangoni halikuwa lake kulitoa.

Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, si kwa kishindo, ulifungwa tu. Alisimama kibarazani amejitanda kanga ya watu, miguu yake ina tope mpaka magotini. Ng'ambo ya bonde wingu lilikuwa likishuka juu ya Mtondooni, juu ya paa lake mwenyewe, na huku jua lilikuwa limeanza kupiga sakafu na maji yakaanza kufuka mvuke.

"Hodi," alisema.

Ndani, kisimu cha Mize kilisema, kwa kusitasita kwake kote, kwamba huenda kukawa na jua mpaka jioni, huenda.

"Hodi," alisema tena.

Alisikia miguu ikipita, kwenda na kurudi. Alisikia kitu kizito kikiburuzwa. Adabu ya hodi wanaijua wote, zikipita tatu bila jibu unageuka unaondoka, na huulizi kwa nini. Raya aliishika kanga kwa mkono wa kulia. Alitaka sana hodi ya tatu isiwe ya mwisho, na hapakuwa na njia ya kujua ila kuisema.

"Hodi."

Alikwisha kuteremsha mguu mmoja kwenye ngazi ya kibaraza.

"Subiri," ilisema sauti ya Mize kutoka ndani.

Mlango wa uani ulifunguliwa upande wa pili wa nyumba. Mize akatokea, anavuta jamvi la karafuu zilizolowa kulipeleka kwenye jua, amempa mgongo, hamtazami. Akarudi kuchukua la pili. Na Raya, ambaye mikono yake yote miwili ilitaka kushika ncha ile nyingine, alisimama pale pale alipoambiwa, akasubiri.